Mjane aliulizwa bahasha siku ya msiba. Uwakili tutaujengaje?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Mzee. Shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 52, mkulima wa migomba na mfugaji wa ng'ombe wawili wa maziwa, huku Moshi Vijijini. Mwaka jana washarika wa kanisa letu la Kilutheri walinichagua kuwa mzee wa kanisa, na baraza likanipa uenyekiti wa kamati ya uwakili, yaani ya kuwafundisha watu kutunza na kutoa mali waliyokabidhiwa na Mungu. Nilidhani nitafundisha watu kumtolea Mungu. Kumbe nimepewa kazi ya kudai madeni.

Kila Januari tunagawa bahasha za ahadi zaidi ya 300. Zinazorudi na kitu ndani kila mwezi hazifiki 100. Jengo jipya limeishia kwenye linta, nondo zimeshika kutu. Sehemu ya dayosisi tunaipeleka kwa kuchelewa, na mwinjilisti wa mtaa wa chini anakaa miezi bila posho. Mchungaji amehubiri Malaki 3:8-10 mpaka watoto wa Shule ya Jumapili wanaijua kwa kichwa. Akifika kwenye "mnaniibia mimi" anainua sauti, na kina mama wanatazama chini.

Kisha baraza likaamua kubandika mlangoni orodha ya washarika wote na ahadi zao, waliomaliza kwa wino wa bluu, wasiotoa kwa wino mwekundu. Nilinyamaza kwenye kikao kile.

Mwezi wa tano baba mmoja wa mtaa wetu alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Familia ilipopeleka taarifa ofisini, mzee wa zamu alifungua daftari akawaambia bahasha ya marehemu ina miaka miwili haijatolewa kitu, walipe kwanza ndipo mchungaji apangiwe mazishi. Mjane alikuwa ameshauza ng'ombe kwa ajili ya hospitali. Usiku ule wanakikoba wenzake walichanga, deni likalipwa, na ibada ikafanyika vizuri tu. Lakini tangu siku hiyo jumuiya yao yote haiji kanisani. Wanasali majumbani, na wengine wameonekana kwenye kanisa jipya la barabarani.

Katika baraza sasa kuna wanaosema tumelegea. Wanataka mzazi asiyemaliza ahadi, mtoto wake asipate kipaimara mwaka huu. Vijana nilipowaita kuzungumza nao, mmoja wa bodaboda akaniambia, "Mama, sisi mnatukumbuka siku ya changizo tu." Yupo pia kijana wetu mmoja mwenye biashara zake Dar, ameahidi kuezeka kanisa lote Desemba akija, ila anataka bamba lenye jina la marehemu baba yake liwekwe mbele, na yeye aingie kamati ya ujenzi.

Mimi mwenyewe nilipoomba kuona vitabu vya hazina niliambiwa, "Mama, tuaminiane, hii ni nyumba ya Mungu." Mwaka mzima tunasomewa jumla tu kwenye mkutano mkuu, haraka haraka, watu wakiwa na njaa. Hata shamba la usharika, ekari mbili za kahawa, limejaa magugu na hakuna anayeuliza.

Mume wangu anasema nijiuzulu nilinde jina langu. Nifanyeje, Mzee? Uwakili unalelewaje katika usharika uliofika hapa?

Mzee wa kanisa, Moshi Vijijini

JIBU

Marahaba, mama. Amina.

Kabla ya bahasha, kabla ya paa, kabla ya kikao chochote, nendeni kwa mjane. Aende mchungaji mwenyewe, aende na yule mzee wa zamu aliyefungua daftari, na wewe uwe wa tatu. Msipeleke barua. Msimwite ofisini. Mkifika kaeni, mwambieni kwamba mlimkosea yeye na marehemu, kwamba ibada ya maziko haiuzwi na wala haikopeshwi, na kwamba fedha iliyopokelewa usiku ule inarudishwa kwa wanakikoba walioichanga. Irudisheni kweli, taslimu, siku hiyohiyo. Mtu wa baraza atakuuliza itatoka fungu gani. Mjibu kwamba itatoka fungu lilelile ilipoingia.

Mkienda kwake msibebe bahasha mpya. Usicheke, nimeona wanaofanya hivyo.

Nimeanza hapo kwa sababu kila utakachofundisha kuhusu uwakili mwaka huu, watu watakipima kwa msiba ule. Unaweza kuleta mwalimu wa semina kutoka makao makuu ya dayosisi akafundisha siku tatu kwa chai na maandazi. Jumuiya ile itasikiliza kwa adabu, kisha itarudi nyumbani na kusali huko huko.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Barua yako inasema watu hawatoi, lakini katika barua hiyohiyo kuna watu waliochanga usiku mmoja wakalipa deni la miaka miwili la mwenzao. Hao ndio washarika wako. Kijijini kwenu watu wanachangia misiba, sendoff, ada za watoto wa ndugu, matibabu hospitali ya KCMC, na wanaweka hisa kwenye kikoba kila wiki. Mchaga kuambiwa hajui kuchangia ni jambo la kuchekesha. Moyo wa kutoa wanao. Wameuhamisha tu kutoka mahali fulani wakaupeleka mahali pengine. Kazi ya kamati yako ni kuuliza kwa nini waliuhamisha.

Nenda ukae kwenye kikoba kimoja ukiwa mtazamaji. Sanduku lina makufuli matatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu, wala anayelilaza sanduku nyumbani kwake si mmoja wao. Kikao kikifunguliwa, kwanza inatajwa salio la wiki iliyopita, halafu sanduku linafunguliwa na fedha inahesabiwa mbele ya macho ya wote. Mwanachama asiyejua kusoma anajua kilichomo. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa mradi wa shirika la CARE na wanawake wa vijijini, ukasambaa Afrika nzima kwa sababu moja ya msingi: mwenye shilingi elfu mbili ana haki sawa ya kuona na mwenye laki mbili. Wakivunja kikoba mwisho wa mwaka, kila mtu anajua kwa nini amepata alichopata.

Halafu mtu huyohuyo Jumapili anakuja kanisani, anatia bahasha kwenye kikapu, na hatasikia habari zake tena mpaka jina lake litokee mlangoni kwa wino mwekundu.

Biblia ina kisa kinachofanana na chenu kuliko Malaki, na sijui kwa nini hakihubiriwi. Soma 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aliagiza makuhani wapokee fedha za watu watengeneze mabomoko ya hekalu. Ukafika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, na mabomoko yako palepale. Mfalme hakuwaita watu kuwakemea kwa uchoyo. Aliwaita makuhani akawauliza mbona hamtengenezi, na akawakataza wasiendelee kupokea fedha. Ndipo kuhani Yehoyada alipotwaa sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha ilipojaa alikuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wakaihesabu wote wawili, wakaikabidhi kwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi na kununua miti na mawe. Kisa hichohicho katika 2 Nyakati 24 kinasema wakuu na watu wote walifurahi, wakaleta na kutia sandukuni. Watu walikuwa walewale, na umaskini wao ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni njia ya fedha kutoka mkononi mwa mtoaji mpaka mkononi mwa fundi.

Ukikitaja kisa hiki barazani, mjanja mmoja atakufungulia mstari wa 15, unaosema hawakutaka hesabu kwa wale waliopewa fedha ya kuwalipa mafundi, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Mwambie arudi nyuma mistari michache. Fedha ilikuwa imeshahesabiwa na watu wawili wa ofisi mbili tofauti kabla haijamfikia msimamizi yeyote. Kuaminiana kulikuja baada ya kuhesabu.

Na kwa kuwa Malaki mnaipenda, mwombe mchungaji aihubiri tangu sura ya kwanza. Kitabu kile kifupi hakianzi kwa kuwakemea waumini juu ya zaka. Sehemu kubwa ya sura ya kwanza na nusu ya sura ya pili inawakemea makuhani, waliopeleka madhabahuni wanyama vipofu na vilema na kulidharau jina la Bwana. Zaka inatajwa sura ya tatu. Vilevile mama mjane wa senti mbili, wa Marko 12, tunamtaja kila tunapotaka maskini watoe zaidi, na tunaruka mstari wa 40, ulio kabla tu ya kisa chake, ambako Yesu anawasema waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mimi siwezi kuisoma sura ile sasa bila kufikiria daftari la ofisini kwenu.

Kwa hiyo, mama, uwakili usharikani kwenu uanze kwa walioshika fedha. Paulo katika 1 Wakorintho 4 anasema kinachohitajiwa katika mawakili ni mtu aonekane kuwa mwaminifu. Aonekane. Alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, fedha hakuibeba peke yake, ingawa alikuwa mtume. Alimtuma Tito na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, na akaeleza sababu waziwazi katika 2 Wakorintho 8: hakutaka mtu apate la kulaumu juu ya fedha ile, akaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Basi yule aliyekuambia "tuaminiane" mwulize kwa upole kama yeye anaaminika kuliko Paulo.

Haya ndiyo ningeyapeleka kwenye baraza lijalo kwa maandishi. Sadaka ihesabiwe Jumapili hiyohiyo na watu wasiopungua watatu wasiotoka familia moja, wakiwemo kijana mmoja na mama mmoja wasio wazee wa kanisa, na wote watie saini kwenye karatasi ya mahesabu. Zamu ibadilike kila mwezi. Jumatatu fedha iende benki nzima kama ilivyo. Posho ya mtu na mafuta ya gari visitolewe kwenye kikapu kabla ya kufika huko, hata kama ni haraka, maana vitabu vingi vya sharika vimeharibikia kwenye "haraka" hiyo. Mnada wa baada ya ibada nao uandikwe: ndizi, mayai, jogoo, nani kanunua kwa bei gani na kama amelipa. Wapo wanaojizolea sifa kwa kupandisha bei ya mkungu kwa kelele, na hela haifiki. Lipa namba iwe kwa jina la usharika, isiwe simu ya mtunza hazina. Na kila robo mwaka ubao wa matangazo uwe na ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichokwenda dayosisi, kilichomlipa mwinjilisti, kilichobaki, deni tulilonalo. Ukurasa mmoja tu, kwa herufi kubwa ambazo bibi anaweza kuzisoma.

Mtasema watu wa kijijini hawaelewi mahesabu. Huko Kilimanjaro? KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilianzishwa mwaka 1933, na babu za washarika wako walikuwa wakisoma stakabadhi za kilo na malipo ya awamu kabla nchi haijapata uhuru. Wanaelewa sana. Ndiyo maana wamenyamaza.

Orodha ya mlangoni mnaijua dawa yake: ibanduliwe. Mahali pake kila mwenye bahasha apewe karatasi yake binafsi, iliyokunjwa, mara mbili kwa mwaka: ulichoahidi, ulichotoa, asante. Namba za bahasha ziliwekwa kwa kusudi hilohilo, ili mtu atoe bila kupigiwa ngoma wala kuzomewa. Kumwaibisha mtu kunaleta fedha mwezi wa kwanza, labda na wa pili. Baadaye anatafuta kanisa ambalo halijui jina lake.

Ahadi zenyewe nazo mmezipanga kimshahara. Bahasha ya kila mwezi inamfaa mwalimu na muuguzi. Mkulima wa kahawa fedha yake inakuja kwa msimu na kwa awamu, wa ndizi anaipata siku ya gulio, wa maziwa analipwa na chama chake kwa utaratibu wake, na bibi anayetegemea mtoto aliyeko Arusha anaipata mtoto akikumbuka. Ukimpa huyo bibi bahasha kumi na mbili umemwandalia madeni kumi na mawili. Mwachieni kila mmoja aseme atatoa lini na nini, na asiye na kitu mwaka huu aruhusiwe kuandika sifuri bila kuhojiwa. Paulo hapo hapo kwenye 2 Wakorintho 8 anasema nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Najua wapo wanaofundisha kwamba fungu la kumi ni lazima kwa kila mtu, na siingii kwenye ugomvi huo leo. Ila anayeamini hivyo aanze na kumi ya usharika wenyewe: katika kila shilingi mia mnazopata, ngapi zinakwenda kwa wajane na wagonjwa? Kama jibu ni sifuri, msimwulize mtu mwingine habari za kumi.

Lile shamba ndilo lililonichoma kuliko yote, na wewe umelitaja kama neno la pembeni. Ekari mbili za kahawa zina magugu, mali ya Kristo, mbele ya macho ya watu wanaoambiwa Jumapili kwamba wao ni mawakili wabaya wa mali ya Kristo. Mama, anzeni hapo. Shamba linaonekana, na huwezi kulisomea jumla kwa haraka. Vituo vya utafiti wa kahawa vya TaCRI, kile kikuu kiko Lyamungu, vina miche chotara inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani; mibuni mizee inaweza kukatwa ichipue upya au ing'olewe kidogo kidogo. Muiteni bwana shamba wa kata awaambie lipi linafaa kwenu. Migomba iwemo ya kivuli, na mipakani miti. Askofu Fredrick Shoo, alipoongoza Dayosisi ya Kaskazini, alijulikana hata ng'ambo kwa kampeni yake ya kupanda miti kwenye mlima huu, kwa hiyo hakuna atakayesema mmeleta mafundisho mageni.

Na hapo ndipo vijana wanapoingia. Kijana wako wa bodaboda amesema kweli. Hana kihamba, yaani shamba la ukoo, baba yake hajamkatia, hana mshahara, pikipiki pengine ni ya mkataba. Mnachomwomba ni kitu pekee asichokuwa nacho. Lakini ana nguvu, ana simu, anajua bei za soko la Kiboriloni na Mwika kuliko baraza zima. Wapeni vijana shamba hilo walisimamie kwa makubaliano yaliyoandikwa: sehemu ya mavuno ibaki kwenye mfuko wao wenyewe, wapange matumizi yake na watoe hesabu kwa usharika. Watakosea. Waacheni wakosee kidogo wakiwa na ekari mbili, kabla hawajakabidhiwa kanisa zima. Binti aliyesoma uhasibu akarudi nyumbani kusubiri ajira, mpeni vitabu apange. Fundi asiye na fedha na apige lipu darasa la kipaimara kwa siku mbili, na kazi yake iandikwe kwenye taarifa kama sadaka, kwa thamani yake, pamoja na fedha za wengine. Kama haikuandikwa, mnamwambia bila maneno kwamba mlichotaka ni hela.

Kipaimara kuzuiwa kwa sababu ya ahadi ya mzazi: pinga. Pinga hata ukibaki peke yako, na omba jina lako liandikwe kwenye muhtasari kuwa ulipinga. Mtoto amesoma miaka yake miwili, amekariri katekisimo ya Luther, hajaahidi mtu shilingi yoyote. Na Luther, mnakumbuka, aligombana na Roma mwaka 1517 kuhusu nini? Kuhusu vyeti vya rehema kuuzwa. Walutheri kuuza kipaimara kungekuwa kichekesho kama hakungekuwa na mtoto anayelia nyumbani.

Kuhusu huyo kijana wa Dar, pokeeni paa lake kwa shukrani. Bamba la baba yake likae ukutani kwa ndani, dogo, pamoja na maneno yanayotaja washarika wote waliojenga msingi na kuta. Kamati ya ujenzi inachaguliwa na mkutano mkuu. Akitaka aombe kura kama wengine. Akisusa, mabati mtanunua polepole. Hatari yake mimi siioni kwenye bamba, naiona kwenye Januari, wageni wa Krismasi wakishapanda mabasi kurudi mjini: wenyeji watasema kanisa lina mwenyewe, na bahasha zitakuwa nyepesi zaidi. Kwa hiyo mwekeeni sharti moja la kiungwana, kwamba atoe mabati na mbao, na usharika utafute gharama ya mafundi. Kila nyumba iwe na msumari wake juu pale.

Mtu akikuambia haya yote ni magumu kwa usharika wa kijijini, mkumbushe historia ya mlima wenu. Wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka 1920, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakaondolewa, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Ibada ziliendelea, watoto walifundishwa, na wakati ule hakukuwa na lipa namba wala mfadhili wa Dar.

Juu ya vitabu vya hazina, usivamie ofisi wala usianze kunong'ona kisimani kwamba mtunza hazina ni mwizi. Hujui. Huenda ni mzee mwaminifu asiyejua kupanga hesabu, na anaona aibu kuonyesha daftari lililofutwafutwa. Nenda nyumbani kwake kwanza, mkiwa wawili, mwambie unaleta pendekezo la ukaguzi na ungependa alilete yeye mwenyewe. Ukaguzi ukiombwa na mtunza hazina humlinda yeye. Akikataa, basi peleka hoja barazani kwa maandishi. Na baraza likikataa, katiba ya kanisa lenu inazo ngazi juu ya usharika, na mkuu wa jimbo ana simu.

Sasa suala la kujiuzulu. Mume wako anakupenda, ndiyo maana anasema hivyo, na usimjibu kwa hasira. Lakini mwombe akuvumilie mpaka mkutano mkuu. Ukitoka leo, kiti chako atakalia yule anayetaka kuzuia kipaimara, na barua yako ya kujiuzulu itasomwa kuwa umeshindwa kazi ya kudai. Baki, peleka hoja zako kwa karatasi, na hakikisha zimeingia kwenye muhtasari. Kikao kinachofuata, muhtasari ukisomwa, sikiliza kwa makini kama zimo. Zikiwa zimeachwa, simama uombe zirekebishwe kabla ya kuthibitishwa. Zikiachwa mara ya pili, hapo hata mimi nitakuambia umwachie mtu mwingine daftari, ukae na jumuiya yako ya majumbani, na uniandikie tena.